Kopo Moja la Dawa, Makopo Kumi ya Maji

Mwezi uliopita nilipeleka gauni la mama mmoja wa ofisini kule Capital Hill, kwenye majengo ya serikali hapa Lilongwe, Malawi. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu ipo barazani kwenye nyumba ya kupanga Nsungwi, Area 25, na wateja wangu wazuri ni hao mama wa serikali wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa zege nje ya jengo nikimngoja ashuke, ndipo nikayaona yale maua. Rafiki yangu, sitii chumvi, kinyaa kilinishika. Nilitema mate pembeni, halafu ikabidi nimwombe radhi mlinzi aliyekuwa akinitazama.

Wauza miche wa Lilongwe huyaita snapdragoni. Sisi tuliyajua kwa jina alilotufundisha Koko, geldelu, jina la Kifaransa alilolichukua kwa masista wa Bukavu. Ni ua lenye mdomo wa juu na mdomo wa chini. Ukilibana mashavu kwa vidole viwili linaachama, ukiliachia linafunga. Linatakiwa lisimame wima, bua zima limepangwa maua kuanzia chini hadi kileleni. Haya ya Capital Hill yalikuwa yamelala chali. Mabua yamepinda, majani ya chini yamejaa kutu, vile vidonda vya kahawia vinavyoacha unga kwenye vidole, na vichipukizi vimeganda vidukari wanene hadi rangi yake haionekani. Katikati ya shina moja mtu alikuwa amezima sigara. Na mtunza bustani amesimama na mpira wa maji, anayamwagia kichwani, saa saba ya mchana, huku anaongea na simu.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia kwa Chichewa changu cha kuungaunga kwamba maji yaende miguuni, asubuhi, na kwamba yale majani yenye kutu yaondolewe na kuchomwa. Alicheka, wala hakukata simu. "Amayi, awa ndi maluwa chabe," akasema. Mama, haya ni maua tu.

Nilirudi Nsungwi nimevimba. Nikamkasirikia yeye, nikakasirikia mpira wake, nikashona mkono wa blauzi nje ndani na kuufumua mara mbili. Hadi jioni nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kinyaa cha siku ile hakikuwa juu ya yule mtu. Kimekaa nami tangu nina miaka kumi na mmoja, na leo nitakueleza kilikotoka, kwa sababu nimechoka kukibeba peke yangu.

Nililelewa na Koko, mama wa mama yangu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Koko ndivyo sisi watu wa Bukavu tunavyomwita bibi. Mama yangu alifariki kabla hatujaondoka kwetu, kwa hiyo tulifika wawili tu, mimi mgongoni, na katika vitu vyake kilikuwamo kikopo cha mafuta ya kujipaka kisicho na mafuta. Ndani mlikuwa na mbegu za geldelu. Koko alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya masista, na siku ya kukimbia, watu wakibeba magodoro na masufuria, yeye alibeba hizo mbegu na Biblia. Majirani walimcheka njia nzima, naye akawaambia wacheke tu, godoro litachakaa.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba na sebule, na mbele yake kulikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka mitatu. Wengine walipanda mahindi hadi kizingitini. Koko alipanda mahindi nyuma, maharage ubavuni, na mbele akaweka geldelu. Watu walisema ana wazimu. Lakini ilipofika Juni, baridi ya Dowa ikianza kuuma na vumbi limekaa juu ya kila kitu, kambi nzima ikiwa na rangi moja ya tofali, mbele ya mlango wetu palisimama safu nne za maua mekundu, ya manjano na meupe, yamenipita kiunoni. Jumapili yalikatwa na kupelekwa kanisani, na altare yetu ilikuwa nzuri kuliko ya kanisa lolote la pale. Hilo nalisema bila kuona haya.

Usidhani lakini kwamba nilikuwa mtoto wa kupenda maua. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu kuzaliwa. Nilikuwa sili nsima, ugali wa huku, iliyoguswa na mtu mwingine, sikai kwenye benchi la shule kabla ya kulifuta, na choo cha kambi nilikiingia nimejibana pua kwa vidole huku macho nimeyafumba, hadi siku moja nikakosea nikakanyaga nisipotakiwa kukanyaga. Sasa mtu wa namna hiyo, mpe kazi ya kutunza geldelu kwa mikono mitupu, uone.

Kupanda alipanda Koko mwenyewe, mvua zikikatika, mwezi wa nne hivi. Mbegu zake ni ndogo kama unga wa ugoro. Alichunga udongo, akaujaza kwenye beseni bovu lililotoboka, akaulowesha, akazinyunyiza mbegu juu na kuzigandamiza kwa kiganja. Hakuzifukia. Hizo zinataka mwanga, alisema, ukizifukia kama mahindi umezizika. Alizifunika kwa kipande cha nailoni nyeupe, na baada ya wiki mbili kulikuwa na vidoti vya kijani ambavyo mimi niliviona ni ukungu. Miche ikifika urefu wa kidole aliihamishia ardhini, shibiri moja kati ya mche na mche, upepo upite. Ikianza kurefuka akapita na kucha lake akakata ncha ya kila mmoja. Mwaka wa kwanza nililia kwa kuona hivyo, nikadhani amekasirika. Baada ya siku chache kila mche uliokatwa ulitoa matawi manne.

Halafu vijiti. Vijiti alileta jirani yetu, mama mmoja Mnyarwanda aliyepitia Kongo miaka mingi hadi Kiswahili chake kikawa chetu. Alikuwa akienda bondeni kutafuta matete, akayakata sawasawa, na Koko akafunga kila bua kwa vipande vya kitambaa alivyookota kwa mafundi wa sokoni, akiacha nafasi ya bua kunenepa. Alikuwa akiongea na maua kama mwalimu anayepanga wanafunzi mstari. "We, simama muzuri! Bantu banakuangalia." Yaani, watu wanakutazama. Na mimi nikipita nimejikunja kwa baridi, nilipata sehemu yangu ya hiyo hiyo.

Kazi zangu zilikuwa zile ambazo hakuna aliyezitaka. Alfajiri nikaokota konokono wasio na gamba, wale wa kuteleza, nikawatia kwenye kopo la maji ya chumvi na kuwasikia wakitoa povu. Vidukari nikawasugua kwa kidole gumba na cha shahada hadi utomvu wa kijani ukanijaa kwenye kucha. Majani yenye kutu nikayachuma moja moja, na vidole vikabaki na rangi ya chungwa hata nikila. Hata leo nikiona kikombe chenye doa la chai kwa nje, nakumbuka ile rangi.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na dawa. Koko aliita dawa, na ulikuwa mkojo. Mbolea ya dukani hatukuwa nayo, ng'ombe hatukuwa naye. Masista walimfundisha kwamba mkojo uliokaa siku kadhaa kwenye bidoni iliyofungwa, yaani dumu la plastiki, ukichanganywa na maji, hulisha maua kuliko samadi. Kopo moja la dawa, makopo kumi ya maji, umwage pembeni mwa shina jioni baada ya kuulowesha udongo kwanza, usiguse jani. Alinikaririsha hesabu hiyo kuliko nilivyokaririshwa katekisimu. Na kwa kuwa sisi tulikuwa wawili tu na dawa yetu haikutosha, jirani alikuwa akituletea bidoni ya nyumbani kwake, walikoishi watu saba. Ilikuwa ya manjano, imefungwa kwa kizibo cha gunzi la hindi.

Mimi ndiye niliyeibeba. Nataka uisikie harufu yake, rafiki yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Siku ya kwanza ni mkojo. Siku ya kumi ni kitu kingine, kinapanda puani, kinachoma macho, kinakaa kwenye nywele. Wasichana wa darasani waligundua. Hawakuniambia kitu, walisogea tu kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, nikabaki na benchi zima. Koko alinisugua kwa sabuni na majivu, akaniambia maua yakifunguka watasogea tena karibu. Na kweli yalipofunguka walikuja kuomba ya kuchezea, wakayabana mashavu na kuyafanya yaongee. Niliwanyima wote.

Kati ya Koko na jirani kulikuwa na jambo moja ninalotaka ulishike. Kwetu Bukavu watu wanaogopa sumu. Huwezi kumpa mtu kinywaji kikiwa kimefunguliwa. Unafungua mbele yake, unamimina, unakunywa wewe kwanza fundo moja, ndipo unampa. Si tusi, ni adabu. Jirani alilijua hilo. Kila Jumamosi jioni alikuja na uji wa mtama kwenye kikombe cha bati, akasimama mlangoni, akanywa fundo, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa Koko. Koko alikunywa hadi mwisho na kumrudishia kikombe kitupu. Mimi niliona kinyaa, mate ya mtu mwingine ukingoni. Wao walicheka. Wanawake wawili waliokimbia vita tofauti, na kila Jumamosi mmoja anamwonjea mwenzake.

Masika moja paa letu lilivuja juu ya sanduku, na kikopo cha mbegu kikaingia maji. Koko alipokifungua palikuwa na uvundo na ukungu mweusi. Alizianika, akazipepeta, akatenga zilizokuwa bado kavu katikati, zikatimia kijiko kimoja cha chai. Akazigawa mara mbili kwenye karatasi za daftari langu. Nusu moja alimpa jirani. "Ikipotea kwangu, iwe kwako," alimwambia. Mwaka huo, kwa hiyo, geldelu ya Bukavu ilikuwa imebaki kwenye vipande viwili vya ardhi tu, na uzio wa mabua ya mahindi katikati.

Zote zilikubali. Za Koko zilikuwa ndefu zaidi, za jirani fupi kidogo kwa sababu alichelewa kukata ncha, lakini zilisimama. Ilikuwa Julai, maua ya chini yamefunguka, vichwa bado vina vichipukizi, na mbegu hazijakomaa hata moja.

Siku yenyewe Koko alikuwa amekwenda kwenye mgao wa chakula. Aliniachia kazi ya kutia dawa jioni. Bidoni yetu ilikuwa tupu, ila ya jirani ilikuwa mlangoni, imekaa wiki mbili juani. Nilitaka kumaliza mapema nikacheze. Nikainyanyua mchana, kizibo kikaruka, na dawa ikanirukia mkononi, kifuani, na kidogo mdomoni. Mdomoni, rafiki yangu. Nilitapika palepale. Nilisugua ulimi kwa mchanga. Halafu nikaitazama ile bidoni, nikakumbuka foleni ya kisima, na makopo kumi kwa kila kopo moja, safari nne za ndoo, huku nanuka namna hiyo mbele ya watu. Nikasema basi. Nikaimwaga yote ilivyo, safu kwa safu, juani, kwenye udongo mkavu, hadi tone la mwisho, ili isibaki hata kidogo ya kubeba tena. Udongo ulitoa mvuke. Nikaenda kuoga, nikaoga mara tatu.

Siku ya pili kingo za majani zilikuwa kahawia. Siku ya tatu mabua yalilegea, yakaning'inia kwenye vijiti kwa vile vitambaa. Siku ya nne Koko alivuta mche mmoja ukatoka bila kubisha, mizizi yake myeusi imelainika kama mboga iliyochacha. Alikaa chini kwenye vumbi, mwanamke aliyekuwa hakai chini hovyo, akaushika mapajani.

"Ulichanganyaka maji?" akaniuliza.

"Ndiyo, Koko."

"Kopo kumi?"

"Kopo kumi."

Aliigeuza ile mizizi mapajani, akanitazama. Ningeweza kusema. Nilikuwa na kinyaa na kila kitu, na ule mche uliooza, na mikono yangu, na nilichotaka tu ni mazungumzo yale yaishe. "Bidoni gani?" akauliza. Nikamwambia ukweli mmoja niliokuwa nao.

"Ya jirani."

Ndipo nilipomsikia akivuta pumzi. Alinyanyua macho, akatazama juu ya uzio. Upande wa pili geldelu za jirani zilikuwa zimesimama wima, nyekundu na manjano, hazina doa. Koko akainuka. Alikusanya maua yake yote, akayachoma nyuma ya nyumba pamoja na vijiti.

Jumamosi jirani alikuja na kikombe chake. Akanywa fundo, akafuta ukingo, akanyoosha mkono. Koko hakupokea. "Weka pale," akasema, akionyesha jiwe la mlangoni. Jirani alisimama kidogo, akakiweka. Kikombe kilikaa pale hadi uji ukafunga ngozi juu na nzi wakajaa, halafu Koko akawamwagia kuku wa mtu. Niliona yote hayo kutoka ndani. Kambini habari haina miguu lakini inawahi kisimani kuliko ndoo, na kesho yake wanawake walikuwa wanaulizana jirani ametia nini kwenye bidoni. Wengine walisema magadi, wengine chumvi, wengine jambo baya zaidi lisilotajwa. Na ushahidi wao ulikuwa mmoja: zake zimesimama, za mwenzake zimekufa. Watu wale wale waliomcheka Koko kwa kubeba mbegu sasa walijifanya wenye uchungu na maua. Kanisani walimwachia jirani benchi zima, na mimi nilijua kukaa kwenye benchi la namna hiyo kukoje.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja, watu wakipita kwenda kisimani, jirani alitoka na jembe. Aling'oa geldelu zake zote, bua kwa bua, bado zina maua, akazitupa njiani wazione. Hakulia wala hakutukana. Mtu mmoja alisema, mnaona, dhamiri imemshika. Mabua yalikanyagwa na baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, hadi jioni, na ile midomo ikajaa vumbi.

Hivyo ndivyo geldelu ya Bukavu ilivyokwisha. Ilivuka mipaka kwenye kikopo cha mafuta, ikashindwa kuvuka kinyaa cha msichana mmoja.

Koko aliishi miaka mitano mingine. Alipanda vitunguu mahali pa maua. Yeye na jirani walisalimiana kwa kichwa tu, kisha hata kichwa kikaacha. Mara nyingi nilipanga kusema. Nilijiambia nitasema Pasaka, nitasema nikimaliza shule, nitasema akipona malaria hii. Alipougua mara ya mwisho nilikaa kando yake siku tisa, na siku ya tisa alinishika mkono, akawaambia watu wa kanisa waliokuwamo chumbani kwamba mjukuu wake hakumdanganya hata siku moja. Nilimpangusa uso nikanyamaza. Alipofariki, wakati wa kumwosha, jirani alikuja na maji kwenye ndoo. Wanawake waliokuwa wakimwosha wakamwambia maji yapo. Akasimama barabarani na ndoo yake hadi msafara wa mazishi ukatoka, akafuata nyuma ya wote.

Umeona sasa kwa nini nilitema mate Capital Hill.

Jumamosi iliyofuata nilifunga mashine. Kwa wauza miche wa kando ya barabara nilichagua chungu kimoja cha snapdragoni, zilizosimama vizuri kuliko zote, majani safi, nikanunua na chupa mbili za soda ya chungwa. Nikafika Dzaleka saa nne, nikachukua kabaza kutoka barabarani, chungu mapajani. Nyumba yetu wanaishi watu wengine, wamepanda mahindi hadi kizingitini. Ya jirani ipo palepale. Alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, amezeeka, anachambua maharage. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Karibu, mutoto wa pale," akasema.

Nilikaa. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yalinitoka vibaya. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia sikuchanganya maji, niliimwaga yote mchana, nikamdanganya Koko, na kwamba bidoni yake haikuwa na kitu ila kile kinachokuwamo. Alikuwa anaendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akatupa punje mbovu.

"Nilikuonaka," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa mu uzio, ninaanika nguo. Ulitapika, kisha ukamwanga yote. Nikasema, ni mutoto, atakuya kusema kwa koko yake. Nikangoja."

"Mama, kwa nini hukusema wewe?"

"Mi niseme? Nani angeniamini? Muntu mugeni aseme mutoto ya benyewe iko muongo?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa itoke mu kinywa yako tu, njo ingenisaidia. Ulikuwa mutoto, sawa. Kisha ukakuwa mukubwa. Koko alikufa, nikasema sasa atasema. Nikangoja tena."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alivuta kile chungu karibu, akageuza majani kuangalia kwa chini, kama Koko alivyofanya, akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akashika ua moja, akalibana mashavu kwa vidole viwili. Halikufunguka. Akabana jingine. Siku hizi wanazalisha aina nyingine, maua yamekaa wazi kama kengele, mazuri kutazama, hayana kitu cha kufungua wala kufunga. Mimi nilikuwa nimeyabeba kutoka Lilongwe bila kugundua.

"Hii haina kinywa," akasema, akaliachia.

Tulikaa. Nilitazama pale uzio ulipokuwa, na sasa ni njia ya watu. Hakuna tena jiwe la mlangoni. Beseni bovu limekwenda, kikopo kimekwenda, wale wanawake wa kisimani wengi wamekwenda nchi nyingine au ardhini, na hakuna mtoto Dzaleka anayejua kwamba ua linaweza kuongea ukilibana. Mtu pekee aliyekumbuka kila kitu alikuwa huyu, na mimi ndiye niliyemwibia Jumamosi zake zote.

Nikafungua soda mbele yake, isije ikasemwa. Nikammiminia kwenye kikombe cha bati kilichokuwa kando ya mkeka, sijui kama ndicho kile. Nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakukipokea. Aliacha maharage, akakaa na mikono mapajani, akaningoja.

Ndipo nilipoelewa. Nikanywa mimi kwanza, fundo moja, na yeye akanitazama koo hadi nikameza.